TAHARIRI: Mwananchi wa Kawaida Ana Kazi Gani na Siasa?

Kuna maneno yasikikayo mara nyingi hapa Adu, baada ya ibada ya Jumapili, penye foleni ya maji, na chini ya mwembe wazee wanapobarizi: "Mimi siasa siitaki. Siasa ina wenyewe." Wasemao hivyo si watu wavivu wala wabaya. Husema hivyo mama aleaye mayatima, mzee wa kanisa asiyegusa cha mtu, na kijana aliyemaliza kidato cha nne akarudi nyumbani kuchunga mbuzi wa babake. Wamewaona wagombea wakija na kofia na fulana, wakacheza nao ngoma, wakala nao wali, kisha wakapotea miaka mitano. Wamechoka, nasi twawaelewa.

Hata hivyo, jarida hili lawauliza ndugu hao swali moja. Ikiwa siasa ina wenyewe, wenyewe hao ni kina nani?

Kifungu cha kwanza cha Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 kimekwisha kujibu. Chasema kwamba mamlaka yote makuu ni ya watu wa Kenya, nao waweza kuyatumia wao wenyewe moja kwa moja au kupitia kwa wale waliowachagua. Basi mwenye siasa ni yule mama aliyesimama foleni na mtungi wake. Mbunge, gavana na mwakilishi wa wadi ni watumishi aliowaajiri. Na mwajiri asiyetaka kujua shamba lake linalimwaje, asishangae siku ya mavuno akikuta makapi.

Tusiende mbali kutafuta mfano. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, kiti cha ubunge cha Magarini, ambamo Adu ni mojawapo ya wadi zake, kiliamuliwa kwa kura 21 tu. Bwana Harrison Kombe alitangazwa kuwa na kura 11,946, naye Bwana Stanley Kenga kura 11,925. Kesi ikapanda ngazi za mahakama hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilishikilia uamuzi wa kuubatilisha uchaguzi ule. Tarehe 27 Novemba 2025 tukarudi kwenye masanduku, na Bwana Kombe akarejeshwa bungeni. Jarida hili halina mgombea, wala hatuulizi ni nani aliyestahili. Twauliza jambo jingine. Watu 21 ni wangapi? Ni wanakwaya wa kanisa moja. Ni abiria wasiotosha kujaza basi dogo. Kila aliyelala nyumbani siku ile akisema kura yake moja haina maana, na aifanye hesabu hiyo upya. Tena akumbuke kwamba mwaka ule Kilifi ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizokuwa na wapiga kura wachache zaidi waliojitokeza katika Kenya nzima.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wa kanisani, maana hao wana hoja nzito kuliko ya uchovu. Wao husema kwamba siasa ni mchezo mchafu, na kwamba aliyeoshwa hapaswi kurudi matopeni. Husema Kaizari apewe yake na Mungu apewe yake. Hoja hii twaiheshimu. Lakini msomaji wa Biblia na aifungue Hesabu sura ya 27. Humo atawakuta mabinti watano wa Selofehadi, mayatima wasio na ndugu wa kiume, ambao sheria ya urithi iliwapita kando. Hawakukaa hemani wakilia. Walitoka wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakadai fungu lao la ardhi. Musa akaipeleka shauri yao kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti wale wamenena haki. Sheria ikabadilishwa. Hapa kwetu, ambapo watu wengi wamezaliwa, wakazeeka na wakazikwa katika ardhi wasiyo na hati yake, ni habari gani iliyo karibu nasi kuliko hiyo?

Na historia ya kanisa katika Kenya yafundisha vivyo hivyo. Mwaka 1986, chama tawala kilipoamua kwamba watu wapige kura kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea, wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupinga. Mfumo huo wa mlolongo ukatumika mwaka 1988, na Wakenya wakaona kwa macho yao foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri akiuliza utawala wa chama kimoja utadumu hadi lini, ilhali ule wa Ulaya ya Mashariki ulikuwa ukianguka. Askofu Henry Okullu alisema, Askofu Alexander Muge alisema, Askofu David Gitari alisema. Waliitwa wachochezi. Tarehe 7 Julai mwaka ule, siku ya Saba Saba, wananchi wakapigwa virungu na risasi kwa kutaka kukutana Kamukunji. Mnamo Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu mwaka 1982, kikafutwa. Je, wale wachungaji walijichafua? La hasha! Walikuwa wakifua.

Lakini tuseme ukweli wote, maana ukweli nusu ni uongo uliovaa kanzu. Kanisa nalo laweza kukosea. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa waliwahimiza waumini waikatae Katiba, kwa ajili ya mahakama za Kadhi na kifungu kinachohusu uavyaji mimba. Thuluthi mbili ya waliopiga kura waliikubali. Leo makanisa yale yale yanapodai haki ya kukusanyika au ya kushirikishwa, hutegemea Katiba ile ile. Hatusemi haya kwa kuwasuta viongozi wetu. Twasema ili kila muumini ajue kwamba hakuna mtu wa kumsomea Katiba kwa niaba yake, hata kama mtu huyo amevaa kola.

Na iwapo yupo anayedhani kwamba kutouliza ni unyenyekevu, na atazame upande wa Chakama. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, zaidi ya miili 400 ya watu ilifukuliwa, wengi wao watoto. Mwaka 2025 makaburi mengine yakagunduliwa Kwa Binzaro. Mashtaka yalifikishwa mahakamani, nasi hatuhukumu kabla ya hakimu. Lakini jambo moja lilijulikana mapema: watu waliacha kuuliza. Waliambiwa waiache shule, waiache hospitali, wasisikilize habari za ulimwengu, wakatii. Majirani waliona mambo na wengi wakanyamaza, na walipopiga ripoti, wenye mamlaka walichelewa. Mtu aliyezoezwa kutomuuliza mchungaji hatamuuliza chifu, wala diwani, wala daktari. Kuuliza ni tabia moja. Ukiiua kanisani, umeiua barazani pia.

Babu zetu hawakuwa watu wa kunyamaza. Mwaka 1913 serikali ya Mwingereza ilipokuja kwa Wagiriama ikitaka kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wageni, aliyesimama alikuwa Mekatilili wa Menza. Hakuwa na cheo cha serikali. Hakupita darasani. Alikuwa mjane. Alizunguka vijijini akicheza kifudu na kuwaeleza watu maana ya ile kodi na ile kazi. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni nchi ya Kisii, nao wakatoroka Januari 1914 wakarudi pwani kwa miguu. Gharama ilikuwa kubwa: Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, nyumba zikachomwa, faini ikatozwa, na watu wakaamriwa kuihama ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, yaani ardhi hii hii tunayoikalia leo. Tukumbuke kwamba hatimaye walirudi. Kaburi la Mekatilili liko Bungale, katika Magarini hii hii. Basi mtu wa Adu akisema siasa si ya watu kama yeye, anasema hayo akiwa jirani wa kaburi la mjane aliyeitikisa dola.

Tuje karibu zaidi. Kuna mambo mawili yaliyotokea katika Magarini ambayo kila mpenda mageuzi apaswa kuyaweka katika mizani moja.

La kwanza ni Mpango wa Makazi wa Magarini, ulioanza miaka ya 1970 ikielekea mwisho, kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na ile ya Australia. Wataalamu walikuja na ramani. Msitu ukafyekwa, mashamba yakapimwa kwa mistari iliyonyooka, barabara zikachorwa. Nia haikuwa mbaya. Lakini watu ambao kwa vizazi vingi walijua mvua hushika wapi na hupita wapi hawakushirikishwa ipasavyo katika kuupanga, na maji ya kutosha hayakupatikana. Miaka ya 1980 ilipokuwa ikiisha wafadhili wakajiondoa, na mwaka 1991 kikachapishwa ughaibuni kitabu kizima cha kuchambua jinsi mpango ule ulivyoanguka. Wageni walipata kitabu. Wenyeji walibaki na ardhi iliyofyekwa.

La pili ni la Dakatcha. Mnamo 2009 ilisikika kwamba kampuni moja ya kigeni yataka hekta zipatazo 50,000 za msitu na mashamba ili kupanda mibono ya kutengeneza mafuta ya mitambo. Safari hii wenyeji waliuliza. Ardhi ni ya nani? Maji yatatoka wapi? Mkataba umeandikwa nini? Wapo miongoni mwetu walioupenda mradi ule kwa ajili ya kazi, na hiyo ilikuwa haki yao. Watu wakabishana barazani kama watu wazima. Wakishirikiana na mashirika ya mazingira na ya haki, waliandika barua, wakahudhuria mikutano, wakapeleka sauti yao hadi Ulaya. Mnamo 2012 mradi ule ukakataliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA. Msitu wa Dakatcha bado una maadui, na uchomaji makaa ni mmojawapo, tena huo twaufanya wenyewe. Lakini tofauti ya mambo haya mawili yaonekana. Katika lile la kwanza walipangiwa. Katika hili la pili walijua, wakauliza, wakasikika.

Neno "wakajua" ndilo tulitakalo lisisitizwe, kwa maana kuna uanaharakati wa kelele usio na maarifa, nao ni hatari kama ukimya. Mtu asiyejua bajeti ya kaunti imetenga nini kwa maji ya wadi yake hawezi kumuuliza mwakilishi wake chochote ila "Umetuletea nini?" Na swali hilo ndilo lipendwalo na kila kiongozi mbaya, kwa kuwa hulijibu kwa noti ya shilingi mia mbili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na sisi tumewasifu wagema wetu kwa nyimbo na vigelegele pasipo kuonja kilichomo kibuyuni.

Tazameni vijana wa nchi hii walivyofanya mwaka 2024. Mswada wa Fedha ulipochapishwa, waliusoma. Waliufafanua kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, wakausambaza kwa simu, hata muuza mboga akajua ni kifungu gani kitakachopandisha bei ya mkate wake. Tarehe 25 Juni waliingia barabarani kwa maelfu, na makumi ya vijana wakapoteza maisha katika maandamano ya msimu ule. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Damu ile hatuisherehekei. Twaiombolezea, na waliofyatua risasi wapaswa kujibu. Lakini silaha ya kwanza ya wale vijana ilikuwa kusoma.

Wala jambo hili si la Afrika pekee. Katika Marekani, nchi ambayo wengi hudhani demokrasia yake ilishuka kutoka mbinguni ikiwa imekamilika, watu weusi wa mji wa Montgomery waliyasusia mabasi yaliyowabagua kwa siku 381, tangu Desemba 1955 hadi Desemba 1956. Walikuwa wapishi, madobi, na wafagiaji wa nyumba za watu. Walikutana makanisani usiku, wakapashana habari, wakachanga sadaka za kununua petroli ya magari ya kuwabeba wasioweza kutembea. Kiongozi wao, Mchungaji Martin Luther King, alikuwa kijana wa miaka 26. Uhuru wa raia wa kawaida wa kule, sawa na wa huku, uliletwa na miguu ya watu waliokuwa wakijua wanachokitaka.

Tunajua pingamizi litakalofuata: "Tumekwenda mikutanoni, na hatusikilizwi." Ni kweli. Wengi wetu tumeitwa kwenye ushirikishwaji wa umma kwa tangazo la siku mbili, mkutano ukafanyika mbali na kwetu, karatasi zikaja kwa Kiingereza, tukaweka sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, tukapewa soda na nauli, na baadaye tukasikia kwamba tumekubali. Huo ni udanganyifu. Dawa yake si kususia. Dawa ni kwenda tukiwa tumejitayarisha kiasi cha kutodanganyika. Nasi twapendekeza mambo manne yanayowezekana hapa Adu bila fedha nyingi.

Mosi, tuijue kalenda. Kila mwaka mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Anayekwenda kulalamika Julai amekwenda sokoni jioni.

Pili, tuombe habari kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 zampa kila raia haki hiyo. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aruhusiwa kusema kwa kinywa, na afisa apaswa kumwandikia. Jibu latakiwa kutolewa ndani ya siku 21. Akinyimwa, apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua moja yenye nakala na tarehe yatisha kuliko kelele za watu mia.

Tatu, tugawane kazi ya kusoma. Kila jumuiya, kila kikundi cha akina mama, kila kikundi cha vijana na kiwateue watu wawili. Hawa wafuatilie maji, hawa basari, hawa barabara, hawa zahanati. Nehemia alipoujenga ukuta wa Yerusalemu, wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe, na ukuta mzima ukasimama. Na tuwaalike majirani zetu Waislamu, kwa kuwa ukame haubagui msikiti na kanisa.

Nne, tujiandikishe na tuilinde kura. Uchaguzi mkuu umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Kijana aliyetimiza miaka 18 aende na kitambulisho chake. Na kura ikishapigwa, wananchi wabaki na amani hadi matokeo yabandikwe mlangoni mwa kituo, wayaandike, wayalinganishe na yatakayotangazwa.

Kwa wahubiri tuna ombi mahususi. Mimbari isikodishwe. Mgombea anayekuja na bahasha ya harambee Jumapili apewe kiti kama muumini mwingine yeyote, na maikrofoni ibaki mkononi mwa mchungaji. Kanisa lisilo na deni kwa mwanasiasa ndilo litakaloweza kumkemea. Kuhubiri haki ni wajibu. Kuhubiri chama ni biashara.

Ndugu wasomaji, hatukusema kwamba kila mtu awe mwanasiasa. Mkulima na alime, mvuvi wa Sabaki na avue, mwalimu na afundishe. Lakini saa ile ya jioni tunapoketi na kulaumu, tuitoe sehemu yake kwa kusoma na kuuliza. Wale waliosema mwaka 1990 hawakuwa wengi, na wapo walioaga dunia kabla ya kuonja matunda. Waliacha mlango wazi. Mlango ulioachwa wazi bila mtu wa kuupita huingia mbuzi.

Siku mwanao atakapokuuliza kwa nini bwawa la kijiji halikuchimbwa, na kwa nini ardhi ya babu yake ina jina la mtu mwingine, jibu la "siasa ina wenyewe" halitamtosha. Atakuuliza: "Baba, wenyewe hao si ninyi?"